Amplifaya kongwe ya besi inapougua: kutenganisha ugonjwa na tabia

Mpiga besi aliyewahi kusimama mbele ya Ampeg SVT ya miaka ya 1970 na kupiga uzi wa E bila kuubana popote hahitaji kuelezwa kwa nini wenzake wanaendelea kuzitafuta mashine hizo, kuzinunua kwa bei kubwa na kuzipandisha ngazi za kumbi, ingawa kichwa cha SVT peke yake, yaani sanduku la amplifaya lisilo na spika, kina uzito wa takriban kilo 40. Sauti yake haiishii masikioni, bali hufika kifuani na kutikisa suruali. SVT ilitoka mwaka 1969 ikiwa na wati 300, wakati ambapo Fender Bassman ya kawaida ilikuwa na wati 50, na kundi la Rolling Stones liliitumia katika ziara yake ya Marekani mwaka huohuo ikiwa bado katika hatua ya majaribio. Kabla ya hapo, kampuni hiyohiyo ilikuwa imeshatoa B-15 mwaka 1960, amplifaya ndogo ya spika moja ya inchi 15, ambayo jina lake haliwezi kutenganishwa na la James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit.

Mashine hizo sasa zina umri wa miaka 50 na zaidi, na zinaugua kama chochote chenye umri huo. Hata hivyo, malalamiko mengi yanayomfikia fundi si ya ugonjwa, bali ni ya tabia, yaani jambo lilelile lililomfanya mwenye nayo ainunue. Fundi asiyetofautisha mambo hayo mawili huirudisha amplifaya ikiwa nzima kwa vipimo vyote, na mwenyewe asiipende tena. Kwa sababu hiyo kila dalili hapa chini imechunguzwa kwa mpangilio mmoja: kwanza vitu vilivyo nje ya sanduku, kisha valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti), na mwisho kabisa sakiti ya ndani.

Kabla ya kufungua chochote

Ndani ya SVT kuna umeme wa takriban volti 700, na kapasita za chujio, zinazolainisha umeme wa ndani, huendelea kuushika hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani. Asiyejua kuuondoa umeme huo asifungue sanduku, maana shoti ya namna hiyo huua. Anayejua hutumia risista ya kiloomu 47 yenye uwezo wa wati 5, iliyofungwa kwenye waya wenye kihami kizuri, akaigusisha kati ya kapasita na chesisi (bamba la chuma linalobeba sakiti) kwa muda, kisha akapima kwa multimita mpaka usomaji ushuke chini ya volti 10. Mkono mmoja hukaa mfukoni au mgongoni wakati wote wa kazi hiyo. Kugusisha kwa bisibisi ni njia ya haraka, lakini hupasua kapasita na kumtia fundi upofu wa muda kwa cheche.

Jambo la pili ni umeme wa ukutani. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inahitaji volti 117 na hezi 60, ilhali Tanzania hutumia volti 230 na Kenya 240, zote kwa hezi 50. Transfoma ya kushushia hurekebisha volti, lakini haigusi hezi, na transfoma kuu iliyosanifiwa kwa hezi 60 ikilishwa hezi 50 hubeba usumaku zaidi kwa asilimia 20, hivyo hupata joto kuliko kawaida. Joto la kiasi linavumilika, ila harufu ya vanishi haivumiliki. Kwa SVT, transfoma ya kushushia isiwe chini ya VA (volti-ampea) 1000, na ikaguliwe kama tundu lake la volti 110 lina waya wa ethi unaofika kweli ukutani, kwa kuwa nyingi za bei nafuu zina tundu la ethi lisilounganishwa na kitu.

Jambo la tatu linahusu waya wa plagi. Amplifaya nyingi za Kimarekani za miaka ya 1960 zilikuja na plagi ya pini mbili na kapasita moja iliyounganisha waya wa umeme na chesisi ili kupunguza mvumo. Kapasita hiyo ikipiga shoti, chesisi yote huwa na umeme, na pamoja nayo nyuzi za besi. Mwanamuziki anayeshika nyuzi hizo na kugusa maikrofoni kwa midomo ndiye anayekamilisha sakiti. Kapasita hiyo iondolewe na waya wa pini tatu ufungwe. Wapo wakusanyaji wanaokataa kwa kisingizio cha kuhifadhi uasilia, na hapo siwezi kukubaliana nao, kwa sababu sauti haibadiliki hata kidogo.

Fyuzi inaungua

Wakati ambao fyuzi inaungua ndio unaosema tatizo liko wapi. Ikiungua mara tu swichi kuu inapowashwa, huku swichi ya kusubiri, inayozuia volti kubwa mpaka valvu zipate joto, bado haijafunguliwa, shuku liko kwenye transfoma kuu au kwenye daiodi. Ikiungua pale swichi ya kusubiri inapofunguliwa, tatizo liko upande wa volti kubwa, na mara nyingi ni valvu moja ya mwisho, yaani mojawapo ya zile kubwa zinazosukuma spika, iliyopiga shoti ndani. Chomoa valvu zote za mwisho, weka fyuzi mpya ya kipimo kilekile, kisha washa tena. Ikidumu, rudisha valvu kwa awamu ukitazama kwa makini, lakini hakikisha kwanza kuwa volti hasi ya bayasi, inayozuia valvu isipitishe mkondo kupita kiasi, inafika kwenye soketi.

Mafundi wengi wa redio wana bodi yenye balbu ya mfululizo ya wati 100, na ni kifaa kizuri sana, kwani kukiwa na shoti balbu huwaka sana na mashine husalimika. Kwa SVT, hata hivyo, balbu hiyo hudanganya. Nyuzi za joto (waya ndogo zinazoipasha valvu moto) za valvu zake sita za mwisho, za aina ya 6550, peke yake hula takriban wati 60, hivyo balbu itawaka hata kama hakuna kasoro yoyote. Chomoa valvu za mwisho kwanza, au tumia balbu kubwa zaidi. Kuweka fyuzi ya ampea nyingi zaidi, au kuifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ni kuhamisha ajali kutoka kwenye kitu cha bei ya chai na kuipeleka kwenye transfoma ambayo haipatikani tena dukani.

Amplifaya inavuma

Hapa masikio ya mpiga besi yana faida kuliko mita. Punguza vitasa vyote vya sauti mpaka mwisho. Mvumo ukitoweka, chanzo chake kiko kabla ya kitasa, yaani kwenye besi yenyewe, kwenye kebo, au kwenye valvu ndogo ya kwanza. Mvumo ukibaki vilevile, chanzo kiko kwenye usambazaji wa umeme au kwenye valvu za mwisho.

Kisha sikiliza noti ya mvumo huo. Kwa umeme wa hezi 50, mvumo wa msingi unakaribia sana noti ya G inayopatikana kwenye kizuizi cha tatu cha uzi wa E, ambayo ni hezi 49, na mvumo wa mara mbili yake, hezi 100, unakaribia uzi wa G usiobanwa, ambao ni hezi 98. Piga noti hizo moja baada ya nyingine na ulinganishe. Mvumo wa chini, ule wa hezi 50, hutoka kwenye ethi inayozunguka kati ya vifaa viwili, kwenye nyuzi za joto za valvu, au kwenye kebo iliyokatika kinga yake. Mvumo wa juu, ule wa hezi 100, unatoka kwenye umeme uliokwisha kugeuzwa na daiodi lakini haukuchujwa vya kutosha, na hapo kapasita za chujio ndizo mshukiwa wa kwanza. Kwenye umeme wa Marekani noti zinazolingana ni B, moja kwenye kizuizi cha pili cha uzi wa A na nyingine oktavu moja juu yake.

Kabla ya kununua kapasita, pima mkondo wa valvu za mwisho. Katika mpangilio wa kusukuma na kuvuta, pande mbili za valvu hufuta mawimbi ya umeme usiochujwa vizuri, mradi pande hizo zinalingana. Upande mmoja ukichoka, mvumo wa hezi 100 hujitokeza hata kama kapasita ni nzima. Ikiwa mkondo unalingana na mvumo bado upo, badilisha kapasita za elektroliti zote kwa pamoja. Kapasita hizo zina majimaji ndani yanayokauka kwa miaka, na ambayo ingali nzima leo katika mashine ya mwaka 1972 imebakiza siku chache tu.

Ipo dalili inayofanana na mvumo lakini si mvumo: mlio wa kutatarika polepole, kama injini ya boti inayotoka gatini, unaoendelea hata pasipo kupigwa noti yoyote. Huo hutokana na kapasita zinazotenganisha hatua moja ya amplifaya na nyingine. Zikikauka, hatua ya mwisho huirudishia hatua ya kwanza sauti yake kupitia njia ya umeme, na mzunguko hauishi.

Ethi inayozunguka kati ya amplifaya na mikseri haitibiwi kwa kukata pini ya ethi ya plagi. Hutibiwa kwa kisanduku cha DI, kile kinachounganisha besi na mikseri, chenye transfoma na swichi ya kuitenga ethi ya kebo ya sauti peke yake.

Valvu inawaka nyekundu

Rangi ya chungwa ndani ya valvu ni ya nyuzi za joto na ni ya kawaida. Bamba la nje la kijivu likianza kuwa jekundu, zima mara moja, kwa sababu baada ya hapo muda huhesabiwa kwa sekunde. Katika SVT valvu sita zimegawanywa tatu kwa tatu. Moja ikiwa nyekundu peke yake, ibadilishane nafasi na jirani yake. Wekundu ukihama nayo, valvu imekufa, na ukibaki kwenye soketi ileile, soketi hiyo haipati bayasi, aghalabu kwa sababu ya mguso mbaya au risista iliyokatika. Tatu za upande mmoja zikiwa nyekundu, tazama kapasita inayopitisha sauti kuelekea upande huo, kwani inapovuja hupitisha volti chanya mahali panapotakiwa hasi, kisha tazama valvu ya kuendeshea ya upande huo. Zote sita zikiwa nyekundu, bayasi yote imepotea.

SVT za mwanzo kabisa zilitumia valvu za 6146B, zilizotengenezwa kwa ajili ya mitambo ya kurushia redio na zenye kofia ya chuma juu ya kioo. Hazikuvumilia misukosuko ya safari za bendi, na kampuni ikahamia kwenye 6550. Aina hizo mbili hazibadilishani bila sakiti kufanyiwa marekebisho, kwa hiyo mnunuzi atazame kama kuna nyaya zinazoelekea juu ya valvu kabla ya kuagiza seti mpya.

Valvu moja kati ya sita inaweza pia kufa kimya bila wekundu wowote. Nguvu inayopotea ni ndogo kiasi kwamba sikio haligundui, na bendi inaendelea kwa miezi, huku tano zilizobaki zikibeba mzigo wake. Kagua kila baada ya onyesho kama zote zina joto.

Sauti ni kubwa, ila besi yenyewe imepotea

Dalili hii humsumbua sana mtu aliyebadilisha spika. Kabati la SVT lina spika nane za inchi 10, kila moja omu 32, zilizounganishwa sambamba ili kupata omu 4, na limefungwa kabisa bila tundu la hewa. Spika moja ikiunganishwa kinyume, inavuta pale wenzake wanaposukuma, na kinachofutika ni sauti za chini. Jaribio lake halihitaji mita: gusa ncha za kabati kwa betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja na utazame koni. Zote ziruke upande mmoja. Inayokwenda kinyume igeuzwe nyaya, na isiyotikisika kabisa ina koili iliyokatika.

Mita nayo husaidia, ikisomwa vizuri. Kabati zima la omu 4 husoma takriban omu 3 hadi 3.5 kwa mkondo wa moja kwa moja. Usomaji wa juu kidogo kuliko huo unaashiria kuwa spika moja au zaidi imekatika, na usomaji usio na kikomo unaonyesha waya ulioachia. Amplifaya ya valvu isiwashwe na kupigwa hata noti moja bila kabati kuunganishwa, kwa sababu volti zisizo na pa kwenda hurudi na kupasua kihami cha transfoma ya kutolea sauti. Zile za transista, mfano Acoustic 360 aliyoipenda Jaco Pastorius, zina udhaifu wa kinyume: hazidhuriki zikikosa mzigo, bali huungua zikipewa omu chache kuliko zilizoandikwa.

Kabati lililofungwa hutegemea pia kutovuja. Mpini uliolegea, tundu la jeki lisilo na mpira au ubao uliopinda hupitisha hewa kwa mlio wa kupuliza, na sauti ya chini hulegea. Pitisha kiganja kandokando wakati mwenzako anapiga uzi wa E, na mkono utaona hewa.

Inakoroma

Hili ndilo eneo ambalo fundi huharibu zaidi. Wapenzi wa amplifaya hizi hawapendi ukubwa wa sauti peke yake, kwani tofauti kati ya wati 30 na wati 300 ni desibeli 10 tu, ambayo sikio huitafsiri kama takriban mara mbili. Wanachokipenda ni namna valvu zinavyofikia kikomo hatua kwa hatua, zikiongeza sauti za juu za noti, ili noti ya hezi 41 isikike hata kwenye spika ndogo zisizoweza kuitoa noti hiyo kikamilifu. Mkoromo huo ni tabia. Unaongezeka kadiri unavyopiga kwa nguvu, na unapungua vidole vinapolegea.

Mkoromo wa ugonjwa una mwenendo tofauti. Ukisikika wakati wa sauti ndogo, au mwishoni mwa noti inapofifia, kisha ukapungua unapoongeza sauti, bayasi imewekwa baridi mno na valvu za pande mbili zinaachiana nafasi katikati ya wimbi. Ukisikika kwenye noti fulani tu, chanzo si cha umeme: bonyeza koni kwa vidole vilivyotandazwa sawasawa, na ukihisi mkwaruzo, koili inagusa sumaku. Pasipo mkwaruzo, kaza skrubu za magurudumu, za mipini na za wavu.

Kuna pia kule kuzama kwa noti, pale amplifaya inapopigwa kwa nguvu nayo ikapumua kidogo kabla ya kuitoa sauti yote. Katika Bassman ya spika nne ya mwishoni mwa miaka ya 1950, hiyo ni kazi ya valvu ya GZ34 inayogeuza umeme, na wanamuziki hulipia kitu hicho. Anayeibadilisha kwa daiodi ili kuongeza uimara hupandisha volti kwenye kapasita za zamani na kuua pumzi hiyo. SVT, kinyume chake, ilitumia daiodi tangu mwanzo na haikukusudiwa kuzama. SVT ikizama kama Bassman, usiiguse ndani. Pima umeme wa ukutani wakati inapigwa. Volti 230 zikishuka hadi 200, au transfoma ya kushushia ikiwa ndogo, mashine nzima haiwezi kutoa isichopewa.

Mikwaruzo ya vitasa huondolewa kwa dawa ya kusafishia kontakti, na miguu ya valvu pamoja na jeki husafishwa hivyohivyo. Milipuko midogo isiyo na mpangilio, inayoendelea vitasa vikiwa chini, huletwa na risista za kaboni zilizozeeka katika hatua zinazofuata vitasa.

Kila kitu ni kizima, lakini mpigaji hajisikii

Pale ambapo vipimo vyote ni sahihi na mpigaji bado anaongeza kitasa, tazama kabati limewekwa wapi. Wimbi la uzi wa E lina urefu wa zaidi ya mita 8. Kabati likiwekwa ili spika zake ziwe mita 2 kutoka ukuta wa nyuma, sauti inayorudi kutoka ukutani hufika kinyume na kufuta sauti za karibu na hezi 43, ambazo ndizo hasa anazozitafuta. Lisukume kabati mpaka liguse ukuta, na shimo hilo hupanda hadi mahali lisipoumiza. B-15 nayo hukaa sakafuni ikipigia magoti, hivyo iinuliwe juu ya kreti imara kabla ya kuitwa dhaifu.

Kinachobaki ni sikio. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya ya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100 muda salama ni kama dakika 15, ambazo hazifiki hata nusu ya seti moja ya bendi. Sikio lililochoka husikia hafifu, na mwenye nalo huilaumu amplifaya. Basi, kabla ya kuipeleka kwa fundi kwa sababu ya unyonge wa sauti, iache siku mbili bila kuipiga, kisha iwashe asubuhi kwa kitasa kilekile na uisikilize upya.